Mawe ndani ya ini: yanavyotolewa bila kupasua, na lini kisu kinafaa zaidi

Swali la msomaji wa Masasi: "Mama yangu ana miaka 56. Miaka mitatu iliyopita alitolewa mfuko wa nyongo. Tangu mwaka jana, kila baada ya wiki kadhaa anashikwa na homa ya kutetemeka, maumivu ya chembe ya moyo yanayokwenda mbavu za kulia, na macho yanakuwa ya njano, kisha anapata nafuu. Ametibiwa malaria na taifodi mara nyingi. Sasa CT scan imeonyesha mawe matano kwenye mirija ya nyongo ndani ya ini, upande wa kushoto. Kubwa lina mm 13, na sehemu moja ya mrija imebana. Ameshauriwa apasuliwe akatwe kipande cha ini, naye anaogopa kisu. Je, ipo tiba bila kupasuliwa? Kuna jirani anauza dawa ya kuyeyusha mawe, na wengine wanatuambia tumpe mafuta ya zeituni na ndimu."

Jibu: Mpe mama pole sana. Ndiyo, mawe ya ndani ya ini yanaweza kutolewa bila kupasua tumbo, na mgonjwa mwenye mawe machache yaliyokaa upande mmoja ana nafasi nzuri ya kufaulu kwa njia hizo. Ila kabla hamjachagua, shikeni jambo moja litakalowaongoza katika kila uamuzi: kinachomsumbua mama hasa ni ule mrija uliobana, na mawe ni matokeo yake. Atakayeyatoa yote matano akauacha mrija ulivyo, huenda akakuta mengine yamejijenga upya baada ya mwaka au miaka michache.

Nyinyi na jirani zenu wa uwanda wa Makonde, mnaovuna maji ya mvua kwenye visima vya saruji, mnajua tope linavyojikusanya pale maji yasipotembea. Unaweza kulichota lote leo, lakini kama maji yatabaki yametuama, utalichota tena. Nyongo nayo ni hivyo. Ini hutengeneza kati ya nusu lita na lita moja ya nyongo kwa siku, na yote inapaswa kushuka hadi kwenye utumbo mdogo bila kizuizi. Ikituama juu ya sehemu iliyobana, bakteria wa utumboni, hasa E. coli, hupanda na kuzaliana humo. Wana kimeng'enya kinachoigeuza bilirubini, ile rangi ya njano ya nyongo, hata isiweze tena kuyeyuka kwenye maji. Bilirubini hiyo inashikana na kalsiamu na kuganda kuwa jiwe la kahawia, laini, linalomomonyoka likibanwa. Jiwe linaukera ukuta wa mrija, ukuta unavimba na kuweka kovu, mrija unazidi kubana, na nyongo inatuama zaidi. Kutolewa mfuko wa nyongo hakuwezi kuukata mzunguko huo, kwa kuwa mawe haya huzaliwa humo humo ndani ya ini. Upande wa kushoto ndio unaopatwa zaidi, kwa sababu mrija wake mkuu ni mrefu, umelala, na unaingia kwenye njia kuu kwa kona kali.

Chanzo cha mbano lazima kitafutwe. Ugonjwa huu ni wa kawaida zaidi Asia Mashariki, na kule mmoja wa wanaolaumiwa ni mnyoo wa ini uitwao Clonorchis, unaopatikana kwa kula samaki wa maji baridi wabichi. Mnyoo huo si wa Afrika, kwa hiyo msimnyime mama changu wala dagaa kwa sababu hiyo. Kwetu tunafikiria mambo mengine: minyoo mikubwa ya tumbo, ambayo huweza kupanda kwenye mirija ya nyongo, kinga ya mwili iliyoshuka sana kwa VVU, ambayo huweza kuiharibu mirija, uvimbe wa saratani, na kovu lililobaki baada ya upasuaji wa mfuko wa nyongo. Hili la mwisho linamhusu mama moja kwa moja. Mtafuteni daktari atakayewaonyesha kwenye picha mbano uko wapi hasa. Ukiwa karibu na klipu au nyuzi za upasuaji wa zamani, nje ya ini, hiyo ni hadithi tofauti na mbano ulio ndani kabisa ya tawi la kushoto, na matibabu yake ni tofauti. Ugonjwa wa selimundu nao huleta mawe, lakini huwa meusi na hukaa zaidi kwenye mfuko wa nyongo.

Dawa za kuyeyusha

Hapa nitasema bila kuzunguka. Ipo dawa halisi ya hospitali inayoyeyusha mawe, inaitwa asidi ya ursodeoksikoliki, na kwa mawe ya mfuko wa nyongo hutolewa kiasi cha mg 8 hadi 10 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kwa miezi mingi. Inayeyusha mawe ya kolesteroli tu, tena madogo, yasiyo na kalsiamu, yaliyo ndani ya mfuko wa nyongo unaofanya kazi. Mawe ya kahawia ya ndani ya ini ni chumvi ya kalsiamu na bilirubini. Dawa hiyo haina cha kushika humo. Kuna kundi dogo tu ambalo hunufaika: watu ambao kwa kurithi nyongo yao ina upungufu wa mafuta aina ya fosfolipidi. Hao huanza kuumwa kabla ya miaka 40, huwa na chembechembe ndogo za kolesteroli ndani ya ini, na maumivu hurudi hata baada ya kutolewa mfuko wa nyongo. Mama ameanza akiwa na zaidi ya miaka 50, ana jiwe la mm 13 na mrija uliobana, kwa hiyo hafanani nao. Hata hivyo, mawe yakitolewa si vibaya kumwomba daktari aangalie aina yake.

Mafuta ya zeituni na ndimu yana mtego unaowadanganya watu wengi kwa nia njema kabisa. Mtu hunywa, kesho yake anaona vidonge vya kijani choo kinapotoka, anaamini ni mawe. Vidonge vya namna hiyo viliwahi kupimwa maabara, na majibu yakachapishwa katika jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2005: ilikuwa sabuni, iliyotokana na mafuta yaliyonywewa kukutana na juisi za tumbo. Jiwe lililo juu ya mrija uliobana haliwezi kushuka kwa kunywa kitu. Kibaya zaidi, mafuta mengi kwa mkupuo yanaweza kumtapisha na kumharisha mgonjwa ambaye tayari ana homa na amepungukiwa maji. Kuhusu dawa ya jirani, kama haina jina la kiambato wala kipimo kwenye chupa, msimpe. Ini lililokwisha kusumbuliwa na nyongo iliyotuama ni ini la kuhurumia.

Homa ile si ya kusubiri nyumbani

Homa ya kutetemeka, maumivu chini ya mbavu za kulia au chembe ya moyo, na macho ya njano: vitatu hivi vikija pamoja kwa mtu mwenye mawe, ni usaha ndani ya mirija ya nyongo mpaka ithibitike vinginevyo. Nafuu anayoipata katikati hutokea jiwe linapojisogeza nyongo ikapenya kidogo. Siku moja halitajisogeza.

Mikoa yetu ya kusini ina malaria nyingi, kwa hiyo kumpima malaria ni sawa kabisa, na mumpime kila mara. Kosa ni kuishia hapo. Kile kipimo cha haraka cha kuchoma kidole kinaweza kuendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya mtu kumaliza dawa mseto, kwa hiyo majibu ya "ipo" hayaoneshi kwamba homa ya leo inatokana nayo. Kipimo cha taifodi cha Widal nacho huonyesha "ipo" kwa watu wengi wasio na taifodi. Mwambieni mhudumu kwa maneno haya: "Mama ana mawe kwenye mirija ya nyongo ndani ya ini, na sasa ana homa." Sentensi hiyo itabadilisha anachokitafuta.

Homa ikija, mpelekeni siku hiyo hiyo hospitali iliyo karibu yenye madaktari na maabara. Kwa mlipo, Mkomaindo au Ndanda. Walio pwani wana Ligula, Sokoine ya Lindi na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo. Msianze na vidonge vya siprofloksasini kutoka duka la dawa; vinashusha homa kidogo, vinawafundisha bakteria usugu, na vinapoteza siku mbili mlizozihitaji. Hospitalini atawekewa dripu, atachukuliwa damu ya kuotesha kabla ya sindano ya kwanza pale inapowezekana, kisha apewe antibayotiki za mshipani. Mpango unaotumika sana ni seftriaksoni gramu 1 hadi 2 kwa siku pamoja na metronidazoli mg 500 kila saa 8, na daktari hubadilisha kulingana na majibu ya kuotesha, hasa kwa mgonjwa ambaye ameshatumia dawa nyingi kama mama.

Akichanganyikiwa, presha ikishuka, mkojo ukapungua sana au mikono ikawa baridi, hiyo ni dharura inayohesabiwa kwa saa. Dawa peke yake hazitoshi hapo. Usaha lazima utolewe. Usaha ukishatoka na njia ikawa wazi, siku 4 hadi 7 za antibayotiki kwa kawaida zinatosha. Usipotoka, hata wiki tatu za sindano zitaituliza homa kwa muda tu.

Vipimo kabla ya kuchagua njia

Altrasaundi ni mwanzo mzuri, lakini hudanganyika: hewa iliyoingia kwenye mirija au chokaa iliyoganda kwenye nyama ya ini huweza kuonekana kama jiwe, na mbano wenyewe mara nyingi hauonekani. CT mliyopiga inasaidia kuonyesha kama kipande cha ini kimesinyaa na kama kuna uvimbe. Picha ambayo ningependa iwepo kabla ya uamuzi ni MRCP, yaani MRI ya mirija ya nyongo. Haihitaji kumchoma wala kumwingiza kitu, na inachora mti mzima wa mirija: mawe yako tawi gani, mbano uko wapi, una urefu gani, na juu yake mrija umetanuka kiasi gani. Daktari wa kutoa mawe bila kupasua asipokuwa na ramani hiyo, anaingia gizani.

Kwa damu, waombe bilirubini, ALP, GGT na ALT (vipimo vya ini na mirija ya nyongo), picha kamili ya damu, kreatinini (kipimo cha figo), na kipimo cha kuganda kwa damu kiitwacho INR. Nyongo isipofika utumboni, vitamini K haifyonzwi na damu inachelewa kuganda. Ndiyo maana mgonjwa wa manjano mara nyingi hupewa vitamini K mg 10 ya mshipani kabla ya kuchomwa sindano ya ini. Kwa kawaida wataalamu hutaka INR iwe chini ya 1.5 na chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, zizidi 50,000. Kama mama anatumia aspirini, klopidogreli au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, semeni mapema. Asiache mwenyewe, na asifike mezani bila kusema.

Njia ya kupitia mdomoni

ERCP ndiyo inayojulikana zaidi. Mgonjwa hulazwa usingizi, kamera inayotazama pembeni inashushwa mpaka kwenye utumbo mdogo, mlango wa mrija wa nyongo unapanuliwa kwa waya unaokata kwa umeme, kisha mawe yanavutwa kwa puto au kikapu cha nyaya. Mbinu hii ya kupanua mlango ilianza mwaka 1974 Ujerumani na Japani, na kwa mawe yaliyo kwenye mrija mkuu nje ya ini ni tiba nzuri mno.

Ndani ya ini mambo hubadilika. Waya na kikapu lazima vipande juu, vipite ile kona kali ya kushoto, vipenye mbano, kisha vifungue kikapu nyuma ya jiwe ndani ya mrija ambao jiwe limeujaza. Mara nyingi kikapu hakina pa kufungukia, au kinalishika jiwe halafu jiwe linakataa kupita kwenye mbano na vyote vinakwama. Pale ambapo kuna kamera nyembamba inayopita ndani ya kamera kubwa na kuingia kwenye mrija wenyewe, jiwe linaweza kupasuliwa kwa leza au kwa cheche za umeme ndani ya maji, na matokeo huwa bora. Lakini kwa mawe ya matawi ya ndani, nyuma ya mbano, ERCP peke yake mara nyingi haimalizi. Kazi yake kubwa kwa mama inaweza kuwa kufungua njia ya chini, kutoa mawe yaliyoshukia mrija mkuu, na kuweka stenti ya muda, yaani kimrija cha kushikilia njia ibaki wazi, ili homa ikome.

Hatari yake kuu ni kongosho kuvimba, kati ya wagonjwa 3 na 10 katika kila 100. Kidonge cha indometasini au diklofenaki cha mg 100 kinachowekwa njia ya haja kubwa hupunguza hatari hiyo. Ni halali yenu kuuliza kama kitatumika. Maumivu makali ya tumbo yanayopiga hadi mgongoni saa chache baada ya ERCP yasipuuzwe.

Njia ya kupitia ngozi

Kwa mawe ya aina ya mama, hii ndiyo njia ninayoipa uzito zaidi kati ya zote zisizo za kupasua. Inaanzia ubavuni au chini ya chembe ya moyo, inaingia moja kwa moja kwenye mrija wa ini uliotanuka, na kuyafikia mawe kwa njia fupi.

Siku ya kwanza mgonjwa anafunga kula saa 6 hadi 8, anapewa antibayotiki, anachomwa ganzi na dawa ya kumtuliza. Kwa kuongozwa na altrasaundi na eksirei, sindano nyembamba inaingizwa kwenye mrija. Kwa mawe ya kushoto mara nyingi inaingilia chini ya chembe ya moyo, na hilo humpunguzia mgonjwa maumivu ya kupumua yanayoletwa na mpira unaopita kati ya mbavu. Tawi la kuingilia huchaguliwa kwa kutazama pembe: ukiingilia tawi lenye mawe kwa pembe mbaya, kamera haitageuka kuyafikia. Nyongo inatoka, waya unapita ndani ya sindano, na juu ya waya unawekwa mpira wa kutolea nyongo wa Fr 7 au 8. Kila Fr 3 ni milimita 1, kwa hiyo mpira huo una unene wa mm 2.5 hivi. Mtaalamu mwenye busara hafanyi zaidi ya hapo siku hiyo, hasa kama nyongo imetoka na usaha. Kujaza dawa ya picha, ile inayofanya mirija ionekane kwenye eksirei, kwa nguvu ndani ya mirija yenye usaha kunawasukuma bakteria kwenye damu, na mgonjwa aliyeingia akizungumza anaweza kutetemeka na presha kuanguka ndani ya saa moja.

Baada ya siku kadhaa, homa ikiwa imekwisha, tundu linapanuliwa hatua kwa hatua hadi Fr 16 au 18, yaani mm 5 hadi 6. Halafu mwili unaachwa ujenge ukuta kuzunguka mpira, kwa kawaida wiki moja hadi mbili. Wagonjwa wengi huuliza kwa nini wasimalize siku moja. Vipo vituo vinavyofanya hivyo, lakini tundu changa linapopitishiwa kamera nene huweza kuchanika, damu na nyongo zikamwagikia tumboni. Kusubiri kunachosha, na ninaelewa gharama ya kukaa mjini, ila ni kusubiri kwenye faida.

Tundu likikomaa, kamera ndogo ya takriban mm 5 inaingizwa. Daktari analiona jiwe kwa macho, analivunja kwa leza ya holmiamu au cheche za umeme, maji ya chumvi yanayotiririka yanasafisha vipande, na vikubwa vinatolewa kwa kikapu. Kwa kuwa mawe haya ni laini, kuvunjika huvunjika. Kazi ngumu ni kufuata kila tawi mpaka vipande viishe. Hatari ya hatua hii ni maji kuingizwa kwa presha kubwa yasipate pa kutokea. Mizunguko miwili hadi mitano ni kawaida, kila mmoja baada ya siku chache. Ripoti nyingi za vituo vyenye uzoefu zinaonyesha mawe kuisha kabisa kwa wagonjwa 80 hivi kati ya 100.

Na mbano? Ndiyo kazi inayobaki na ndiyo inayorukwa haraka mahali ambapo watu wamechoka. Mbano unapanuliwa kwa puto, kwa kawaida la mm 6 hadi 10 kutegemea unene wa mrija, kisha mpira unaachwa ukipita kwenye mbano kwa miezi kadhaa, mara nyingi mitatu hadi sita, ili kovu lipone likiwa wazi. Kabla ya kupanua, daktari achukue kinyofu kwa ajili ya maabara, maana saratani ya mirija inaweza kujificha ndani ya mbano ule ule. Mkiambiwa "mawe yameisha, mpira tunautoa kesho" bila picha ya dawa inayoonyesha nyongo ikishuka hadi utumboni, ombeni hiyo picha kwanza.

Matatizo yanayoweza kutokea ni damu kutoka kwenye mirija, maambukizi, mpira kuchomoka, na kwa wanaoingiliwa kati ya mbavu, maji au hewa kuzunguka pafu. Damu kidogo kwenye nyongo siku ya kwanza au ya pili si ajabu. Damu mbichi inayojaza mfuko, au choo cheusi kama lami, ni dharura.

Kuna pia mashine ya mawimbi ya mshtuko, ile inayovunja mawe ya figo. Kwa ini hutumika mara chache kama msaidizi, na vipande bado vinahitaji njia ya kutokea.

Kisu kinafaa lini

Sitamwambia mama kwamba kupasuliwa ni kosa, kwa sababu kuna hali ambapo ushauri aliopewa ndio bora kuliko yote niliyoyaeleza. Kama picha inaonyesha kipande cha kushoto kimesinyaa na kuwa kovu, kipande hicho hakifanyi kazi tena. Kinatunza mawe, bakteria na hatari ya saratani. Kukitoa kunaondoa mawe, mbano na hatari kwa pamoja, na mawe hurudi kwa wachache zaidi. Vivyo hivyo kama kuna shaka ya saratani, majipu yanayorudi, au mbano mrefu usiopanuka. Ini likiwa zima pande nyingine, mtu huishi vizuri bila kipande hicho. Kwa upande mwingine, kama nyama ya ini ya kushoto bado ni nzima, kama mawe yamesambaa pande zote mbili, kama mgonjwa ana moyo dhaifu, au alishapasuliwa mara nyingi, njia ya ngozi inatangulia. Waulizeni swali moja: "Kipande cha kushoto kimesinyaa au la?" Jibu lake ndilo litakaloamua kwa mama.

Mjue pia bei ya kukwepa kisu. Kwa wanaotibiwa bila kupasuliwa, mawe hurudi kwa theluthi moja hivi au zaidi kadiri miaka inavyopita, hasa mbano ukibaki. Saratani ya mirija hutokea kwa wagonjwa kati ya 2 na 10 katika kila 100 wenye mawe ya ndani ya ini.

Mkiwa nyumbani na mpira

Kwa kuwa kati ya mzunguko na mzunguko mama anaweza kurudi Masasi, mpira utakuwa mikononi mwenu. Mfuko ukae chini ya usawa wa tumbo wakati wote, hata akilala. Asukumiwe maji ya chumvi safi ya hospitali ml 5 hadi 10, mara moja au mbili kwa siku kama alivyoelekezwa, taratibu, bila kuvuta sindano kurudi nyuma. Kuvuta kunanyonya uchafu na kuziba matundu ya mpira. Yakikataa kuingia au yakimuuma, acheni, msilazimishe. Bandeji ibadilishwe kila baada ya siku mbili au tatu, na mara moja ikilowa, na mpira ufungwe ngozini mahali pawili ili ukivutwa usivutie tundu.

Pimeni nyongo inayotoka kila siku na muandike. Ikiwa inatoka ml 500 au zaidi, anapoteza maji na chumvi nyingi; anywe ORS kufidia. Ikikauka ghafla kutoka mamia hadi sifuri, mpira umeziba au umesogea. Nyongo ya kawaida ni ya dhahabu hadi kijani. Ikiwa na ukungu na harufu, hapo kuna maambukizi.

Aoge kwa kujifuta, asiingie baharini wala kwenye bwawa. Msimu wa kupulizia mikorosho asibebe bomba mgongoni, na asiinue magunia: mikanda na uzito huo huchomoa mpira. Ukichomoka, funikeni tundu kwa kitambaa safi na mfike hospitali ndani ya saa chache, maana tundu changa hujifunga haraka na itabidi achomwe upya. Msiurudishe wenyewe. Mpira unaokaa muda mrefu hubadilishwa kila baada ya miezi miwili hadi mitatu, hata kama unaonekana hauna tatizo.

Kuhusu safari: Muhimbili ina wataalamu wa radiolojia tiba wanaoweka mipira ya nyongo kupitia ngozi, na ndiko barua ya rufaa kutoka kusini huelekea mara nyingi. Daktari wenu apige simu kwanza na aulize mambo matatu kwa majina: kama wana kamera ya kuingia kwenye mirija kupitia ngozi, kama leza au mashine ya cheche inafanya kazi kwa sasa, na bei ya mzunguko mzima pamoja na mipira ya kubadilisha, kwa kuwa bei ya siku moja itawapotosha. Kama ana bima, ulizeni kipi kinalipwa kabla ya kukata tiketi. Barabara ni zaidi ya kilomita 500, na mvua za Mei 2024 ziliikata pale Somanga, kwa hiyo masika msisubiri siku ya mwisho ya miadi. Akiwa na homa asipande basi. Atibiwe kwanza hapo mlipo, usaha ukihitaji kutolewa ahamishwe kwa gari la wagonjwa akiwa na dripu. Bebeni CD ya CT na MRCP yenyewe, si karatasi ya majibu tu, na ripoti ya upasuaji wa mfuko wa nyongo.

Baada ya yote kuisha, apimwe ALP, bilirubini na altrasaundi kila miezi sita, na MRCP pale ALP inapoanza kupanda hata kama hana maumivu. Wakitaka kumpima CA 19-9 kwa ajili ya saratani, ipimwe wiki kadhaa baada ya homa na manjano kwisha, kwa sababu maambukizi ya mirija peke yake hukipandisha kipimo hicho na kuwatisha bure.